Sifuri Hadi Mia

Walinipa koruna mia sita, kikombe cha kahawa,
na kidude chenye ukubwa wa saa ya mfukoni:
zungusha kulia ukipendezwa,
kushoto ukichukizwa,
hamsini ni katikati, maana yake hujali.
"Usifikiri, Bi Bronislava," akasema kijana wa kampuni,
"uachie mkono ufikiri."

Tulikuwa ishirini na wanne, maktaba ya Karviná,
nje theluji imekuwa tope,
ndani runinga pana kama mlango wa gereji.
Kushoto kwangu mwoka mikate.
Kulia, mwanafunzi wa uuguzi, aliyeanza kuzungusha
kabla hata ya mdahalo, kama mtu anayeonja chumvi.

Bwana Hruboň alitangulia.
Tai nyekundu, meno yamepangwa kama vigae vya bafuni.
Alisema "familia" mara kumi na moja. Nilihesabu;
kuhesabu ndiyo kazi iliyonilisha.
Alipogonga meza, ukumbi mzima ukazungusha kulia
na mimi, Mungu anisamehe, nikazungusha nao.
Sabini na nane.
Mkono hupenda kishindo.

Bibi Odstrčilová akajibu kwa takwimu.
Zikamwagika kama dengu kwenye gunia lililotoboka.
Mwoka mikate akapiga miayo.
Arobaini na moja, na hapo nilimwonea huruma.

Miaka ishirini na sita nilikaa dirishani mgodini,
chumba cha taa.
Asubuhi nagawa, jioni napokea.
Kila mchimbaji na namba yake, kila namba na msumari wake.
Niliwajua wanaume kwa namna walivyorudisha taa:
yupo aliyeibwaga kwenye kaunta akilalamikia betri,
yupo aliyeifuta kwanza kwa mkono wa shati.
Wasemaji hodari walikuwapo pia. Huko chini, niliambiwa,
hakuna amwulizaye msemaji njia.
Na usiku mmoja wa Februari msumari 212 ulibaki mtupu.
Sisemi zaidi.
Niliuhesabu tena na tena hadi kukakucha.

Ndipo mwongoza mdahalo akauliza:
mgodi wa mwisho ukifungwa, watu elfu mbili waende wapi?

Hruboň alijibu swali halijaisha.
Jibu tamu, lilikuwa na daraja ndani yake, na kiwanda, na wajukuu.
Themanini na tatu, alininong'oneza mwanafunzi.

Odstrčilová akafungua mdomo. Akaufunga.
Akaitazama mikono yake.
Sekunde nne. Kwenye runinga, sekunde nne
ni majira ya baridi mazima.
"Mia saba nawajua watakakokwenda," akasema.
"Waliobaki, sijui. Bado sijui."

Vidude vikalia kuelekea kushoto, tik tik tik,
kama panya darini.
Changu kikaenda mia.
Kikagota, nikazidi kukikaza, kidole kikauma.
Si kwa mapenzi. Sera yake ya pensheni siitaki hata leo.
Ila mama yule alikuwa amehesabu misumari
akaona ipi iliyo mitupu,
na hakutundika taa ya uongo.

Usiku, nyumbani, wachambuzi watatu
walizirudia sekunde zile mara sita,
mshale mwekundu ukielekeza: hapa ndipo aliposhindwa.
Mmoja alimsifu Hruboň kwa kujiamini.
Mwingine alizungumzia blauzi.
Mstari wa kijani, wastani wetu sote ishirini na wanne,
ulishuka kama lifti ya mgodi iliyokatika kamba.

Nilisogea hadi pua ikagusa kioo.
Chini kabisa, kabla mstari haujafika sakafuni,
palikuwa na kinundu.
Kidogo, kama punje ya mtama.
Nikamwita Halina wa mlango wa pili aje aone.
"Vumbi hilo," akasema, akarudi kwenye supu yake.

Nikalifuta kwa mkono wa sweta.
Kikabaki.